Mwonjaji Mkuu na Divai Isiyo na Jina

Zamani, wala si za kale sana maana baadhi ya wahusika bado wanapokea pensheni, palikuwa na nchi ambayo ndani yake hakuna mtu aliyeogopa. Jambo hilo liliandikwa katika Katiba, Ibara ya Kumi na Moja, kwa herufi nene. Raia aliyeonekana akiogopa aliwekwa ndani mpaka woga umtoke, na wengine ulichelewa kuwatoka kwa miaka kumi na zaidi.

Basi asubuhi gari jeusi liliposimama mbele ya nyumba ya Desideri Chilongani, Desideri hakuogopa. Alikwenda msalani mara tatu tu, kisha akavaa koti lake la kazi ndani nje.

"Baba Tasiana, umegeuza koti," mkewe Leokadia alimwambia.

"Nimeligeuza?"

"Umeligeuza. Vua nikuvishe. Na hiyo mikono itulize, dereva anakuangalia."

Leokadia alimvisha, akamfunga vifungo kimoja kimoja kama anamvisha mtoto wa siku ya kwanza shuleni. Mkono wake ulipofika kifungo cha juu ukakaa hapo kidogo. "Rudi tu," alisema kwa sauti ya chini. "Mengine sijali. Wewe rudi."

Desideri alikuwa Mwonjaji Mkuu wa Taifa. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na kwa miaka thelathini alikuwa amewamiminia wageni divai katika Hoteli ya Taifa, akijifunza kuzitambua kwa pua wakati wageni wenyewe wanazitambua kwa bei. Cheo hakukiomba. Alikipata kwa sababu waonjaji watatu waliomtangulia walikosea mambo madogo madogo. Wa kwanza alionja divai ya Ikulu akasema ni nzee, ilhali ilijulikana kwamba chini ya Mlezi wa Taifa hakuna kinachozeeka. Wa pili alisema ina uchungu, akaulizwa uchungu na nani. Wa tatu hakusema neno, ila alikunja uso. Wote watatu walipelekwa kwenye mashamba ya chumvi, na hawajaandika barua.

Safari hii jambo lilikuwa zito kuliko yote. Mataifa makubwa yalikuwa yanaandaa Mkutano wa Nchi Zilizokomaa, na wajumbe watatu wenye tai nyembamba walikuja kukagua kama nchi yetu imekomaa. Waliangalia hospitali, wakakohoa. Waliangalia shule, wakaangalia saa. Mwishoni wakauliza kama tuna divai ya kale iliyotengenezwa hapa hapa, yenye jina na mwaka, kwa kuwa nchi isiyo na divai ya kale bado ni mtoto, na mtoto haketi mezani na wakubwa.

Ikatafutwa divai. Ikapatikana. Mafundi waliokuwa wakivunja ukuta katika ranchi ya Mlezi walikuta stoo ya chini ya ardhi, na ndani yake chupa mia mbili za divai nyekundu zilizolala kwenye vumbi. Hazikuwa na karatasi wala alama. Hakuna aliyejua ni divai gani, na aliyejua hakuulizwa.

Waziri wa Ladha na Uzalendo, Dokta Ponsiano Kibopa, alimpokea Desideri mlangoni mwa ukumbi wa Ikulu. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyepata udaktari wake kwa utafiti juu ya mbuzi wa Mlezi.

"Mzee Chilongani, karibu, karibu sana. Usiwe na wasiwasi. Serikali haikuamulii la kusema. Uko huru kabisa kusema ukweli."

"Ahsante, Mheshimiwa."

"Ila uwe ule ukweli wenyewe. Unanielewa?"

"Upi, Mheshimiwa?"

Waziri alicheka mpaka tumbo likatikisika, akampigapiga begani. "Mnaona? Mtaalamu! Anauliza upi! Ingia, baba, ingia, Mlezi hasubirishwi."

Desideri aliingia. Hakuelewa hata kidogo, na alijua kwamba kutoelewa hakungemsaidia. Huo ndio ulikuwa uhuru wa nchi ile: mtu aliachiwa uwanja wote acheze, halafu mstari unachorwa baada ya yeye kuukanyaga.

*

Ukumbini Mlezi wa Taifa alikuwa ameketi juu ya viti viwili, maana kimoja kilikuwa cha mwili na kingine cha cheo. Wajumbe watatu waliketi kushoto. Kulia alikaa Karani wa Utambuzi, Bi Zamda, mwanamke mkavu mwenye kalamu tatu na daftari kubwa.

Hapa inafaa msomaji aelezwe Sheria ya Utambuzi, kwa kuwa bila hiyo hatuendi. Sheria ilisema mwonjaji asitaje jina la divai mpaka kwanza atoe dalili saba kwa sauti, na kila dalili iandikwe papo hapo. Kilichoandikwa hakifutwi. Vifutio vilikuwa vimepigwa marufuku nchini tangu mwaka wa tano wa Mlezi, kwa hoja kwamba anayemiliki kifutio anaituhumu serikali kuwa inakosea.

Chupa ililetwa imevishwa bendera. Desideri aliizibua polepole, kizibo kikatoka chote, cheusi na laini. Akaiinamisha kwa adabu ili mashapo yabaki chini, akamimina vidole viwili vya divai kwenye glasi, akainua kwenye mwanga wa dirisha.

"Dalili ya kwanza," Bi Zamda alisema.

"Katikati ni nyekundu iliyofifia. Ukingoni imegeuka rangi ya tofali." Aliinamisha glasi. "Divai hii ina miaka kama arobaini."

Kalamu ilikwaruza. Waziri alipumua, kwa kuwa miaka arobaini ilikuwa mizuri: Mlezi naye alikuwa na miaka arobaini na mmoja madarakani.

"Ya pili."

"Mashapo ni mengi na mazito. Haikuchujwa kwa mashine. Imetengenezwa kwa mikono."

"Mikono ya wananchi!" Mlezi aliunguruma, na ukumbi ukapiga makofi.

Desideri alisogeza pua. Ngozi ya kiatu cha zamani, tumbaku kavu, zabibu zilizonyauka juani. Alizitaja, zikaandikwa. Mpaka hapo alikuwa salama, kwa kuwa harufu hizo unaweza kuzikuta katika divai yoyote ya kale ya upande wowote wa dunia. Alizungusha glasi na kunusa tena, akitafuta mti wa pipa, maana pipa ndilo linalosema divai ilikolelewa. Divai za hotelini zote zilinukia mwaloni wa ng'ambo.

Hii ilinukia mninga.

Desideri aliganda. Alinusa mara ya tatu, akiomba pua yake iwe imezeeka. Haikuwa imezeeka. Mninga ule ule, mtamu na mkavu, kama kabati la bibi harusi likifunguliwa. Duniani kote kulikuwa na mahali pamoja tu, stoo ya Misheni ya Mtonya, ambapo divai ililazwa kwenye mapipa ya mninga, kwa kuwa mialoni ya mapadri ilioza kwa mchwa na fundi wao hakuwa na mti mwingine.

"Dalili ya nne, Mwonjaji. Wageni wanasubiri."

Angedanganya. Alikusudia kudanganya. Lakini miaka thelathini ya kazi ina ubishi wake: mdomo umezoea kusema kilichofika puani, na kwa woga ukawahi kabla ya akili.

"Pipa la mninga," alisema.

Ikaandikwa.

Aliuma ulimi, na katika kuuma akavuta pumzi, na pumzi ikaja na kitu kingine chini ya mninga. Ubani. Stoo ya divai ilikuwa imegawana ukuta na sakristia ya kanisa, na ubani wa kila Jumapili ulipenya kwenye mbao. Bi Zamda alikuwa ameinua kalamu. "Midomo yako imetikisika. Umesema?"

"Ubani," Desideri alisema, akataka kulia.

Dalili ya sita ilikuwa ya ulimi. Alionja. Uchachu ulimkata pembeni mwa ulimi, mkali kuliko inavyostahili divai ya umri ule, na hapo akajua hata mwaka. Ulikuwa mwaka wa nzige. Habari zililetwa kwamba wingu linakuja, na watu wote wa Mtonya wakakimbilia mashambani kuchuma zabibu zisizoiva vizuri kabla nzige hawajafika. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na miwili. Ndiye aliyeviringisha mapipa. Aliyeyaziba alikuwa Mzee Anselmi Mlewa, mkuu wa stoo, baba yake Leokadia.

Mwaka uliofuata, divai ilipokwisha tiwa chupani, malori ya kijani yalikuja Mtonya. Watu waliambiwa wanapelekwa kupimwa macho. Waliokataa ndio waliopandishwa kwanza, Mzee Anselmi akiwemo, na hao hawakurudi, kwa macho mazuri wala mabaya. Waliobaki walipewa vyeti vipya vya kuzaliwa vilivyoandikwa, mahali pa kuzaliwa: safarini. Kwenye ramani misheni iliitwa Eneo Tupu Namba Nne. Baadaye eneo tupu likazungushiwa waya, likawa ranchi.

Sasa Desideri alikuwa na Mtonya yote mdomoni, na hakujua aiteme au aimeze. Mlezi alikuwa anamtazama. Alimeza.

"Uchachu mkali," alisema. "Zabibu zilichumwa mapema, kwa haraka. Na ya saba... ya saba, ukakasi wote umeisha. Kinachobaki baada ya kumeza kinakaa muda mrefu sana. Hakitaki kuondoka."

"Zimetimia saba," Bi Zamda alitangaza. "Taja."

Desideri alimwona Waziri Kibopa akitabasamu na kutoa jasho kwa wakati mmoja. Alimwona askari wa mlangoni, kijana mwenye shingo nene, akirekebisha mkanda. Alimfikiria Leokadia na kifungo cha juu. Rudi tu.

"Ni divai ya shamba la Mlezi," Desideri alisema. "Mwaka wa kwanza wa neema."

Makofi yalipasua paa. Mlezi alisimama, machozi yakamtoka, akakumbuka papo hapo jinsi alivyozikanyaga zabibu zile kwa miguu yake mwenyewe, akaeleza hata wimbo aliouimba. Wakati huo wa mavuno alikuwa ziarani ng'ambo, lakini hakuna aliyekuwa na ramani wala kalenda ya kumkatalia. Desideri alivishwa nishani. Aliporudishwa nyumbani alitapika nyuma ya bafu, kisha akajiambia kwamba ameokoka, na kwa kweli alifurahi kuokoka. Tusimcheke. Asiyewahi kuulizwa swali lile na arushe jiwe.

*

Ingeishia hapo kama si wajumbe. Mkubwa wao alisema kwa upole kwamba kanuni za Mkutano hazikubali ulimi mmoja. Wanahitaji mashahidi waliowahi kuionja divai hiyo zamani.

"Tunao!" Waziri alijibu kabla hajafikiri. "Tunao wengi!"

Akachagua makada thelathini, akawafundisha kwa siku nne wanywe, wafumbe macho, waseme "shamba la Mlezi" bila kupaliwa. Na ili wajumbe waone kwamba mambo ni ya wazi, akaamuru redio itangaze kwa wiki nzima: raia yeyote aliyewahi kuionja divai hii ajitokeze uwanjani Jumamosi, atapewa kofia na kipande cha kitenge. Asiyejitokeza ilhali aliionja atahesabiwa mwasi. Atakayejitokeza akakosea kuitaja atakwenda kwenye chumvi miaka saba. Na kwa kuwa sheria ni sheria, tangazo lilisomwa pamoja na dalili zote saba, kama zilivyoandikwa.

Hilo ndilo kosa lenyewe. Dokta Kibopa alijua mbuzi. Hakujua kwamba kuna watu mia nne waliozaliwa safarini, na kwamba Mtonya kila Sikukuu ya Mavuno, mtu yeyote aliyechuma zabibu, mkubwa kwa mdogo, alipewa na Padri kijiko kimoja cha divai ya pipa jipya na kimoja cha pipa la zamani.

Leokadia alikuwa anakata bamia jikoni tangazo liliposomwa mara ya kwanza. Desideri alikimbilia kuizima redio. Hakuwahi.

"Ulitaja mninga," Leokadia alisema bila kuinua kichwa.

"Niliteleza."

"Ukataja na ubani."

"Niliteleza, Mama Tasiana. Na ikishaandikwa huwezi tena."

"Halafu ukasema ni ya nani?"

Kisu kiliendelea kukata, polepole, bamia moja moja.

"Nilipokuvisha koti nilikwambia mengine sijali," Leokadia alisema. "Nilikuwa sijui mengine ni yapi. Sikulaumu. Ungesema vingine nisingekuona tena, na mimi nilitaka nikuone. Lakini Jumamosi nakwenda."

"Hapana! Nakuomba. Nitapiga magoti, ukitaka nitapiga sasa hivi."

"Redio imesema aliyeionja ajitokeze. Mimi nimeionja divai ya Mtonya miaka minane mfululizo, vijiko viwili viwili. Nikikaa ndani nitakuwa nimevunja sheria, mume wangu. Unataka mkeo awe mwasi?"

Alisema hivyo akicheka kidogo, lakini bamia zilikuwa zimekwisha na kisu kilikuwa kinakata ubao mtupu, na Desideri akaona kwamba anaogopa kama yeye, huenda zaidi. Wala haikubadilisha kitu.

*

Jumamosi makada thelathini walichelewa. Kamati ya maandalizi ilikuwa imewapikia supu na chapati, na kada hainuki mezani chapati zikiwa bado moto. Kwa hiyo saa nne, wajumbe walipoketi na Mlezi akapunga mkono, foleni iliyokuwa mbele ya meza haikuwa ya makada.

Walikuwa wazee wengi, wamevaa nguo za kanisani. Wengine wameshikiwa fimbo na wajukuu. Hawakupiga vigelegele, hawakuimba. Desideri, aliyekuwa amekalishwa mezani na nishani yake, aliwatambua mmoja mmoja kwa uoga unaoongezeka: yule mkanyagaji zabibu, yule mpishi wa mapadri, yule mwashi aliyejenga ukuta wa stoo kuficha chupa mia mbili, akiwa sasa kipofu. Foleni ilipita lango, ikapita mti wa bendera, haikuonekana mwisho.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Leokadia.

"Wananchi wamehamasika!" Waziri alimnong'oneza Mlezi, akipangusa shingo.

Desideri alimimina. Glasi iligonga mdomo wa chupa, ti ti ti ti, mpaka Leokadia akanyoosha mkono akaishika ikatulia. Hawakutazamana. Leokadia alinusa kwanza, na uso wake ukabadilika. Kwa kitambo kidogo alikuwa msichana, na alikuwa na baba. Kisha akanywa.

"Taja, mama," Bi Zamda alisema.

"Divai ya Misheni ya Mtonya," Leokadia alisema, na sauti yake ilifika mbali kuliko alivyotaka. "Mwaka wa nzige. Pipa la baba yangu, Anselmi Mlewa, aliyepandishwa kwenye lori la kijani akapimwe macho."

Kalamu ilisimama. Bi Zamda alimtazama Waziri. Waziri alitazama viatu vyake. Lakini karani yule alikuwa ametumikia sheria miaka ishirini na sita, hakujua kufanya kingine, na sheria ilisema kinachotajwa huandikwa. Akaandika, neno kwa neno, akiuliza tu kama Mlewa ni kwa e moja.

Mjumbe mkubwa wa wageni alivaa miwani. "Na sasa?" aliuliza.

"Sasa," Bi Zamda alisema, "kwa mujibu wa Kifungu cha Tisa, Mwonjaji Mkuu athibitishe. Mwonjaji, shahidi huyu amepatia au amekosea?"

Desideri alipiga hesabu. Akisema amekosea, askari wawili walio karibu watamchukua Leokadia leo leo, miaka saba, na kwenye chumvi hakuna mwanamke wa umri wake aliyemaliza mitatu. Akisema amepatia, basi yeye alimdanganya Mlezi mbele ya mataifa, na kwa hilo hakukuwa na idadi ya miaka. Mlezi alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye viti vyake viwili. Waziri Kibopa alikuwa anamtikisia kichwa, hapana, hapana, hapana, kama mbuzi anayefukuza nzi. Askari wa shingo nene alikuwa tayari ameweka mkono kwenye mkanda.

Aliogopa. Ibara ya Kumi na Moja ilikuwa inavunjwa hadharani, mwilini mwake mwote, na kila mtu aliona. Suruali ilimlowa. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa, basi akasema akiwa amekaa, kwa sauti ndogo mno hata karani akamwomba arudie.

"Amepatia," alisema tena.

Bi Zamda aliandika. Alikausha wino kwa pumzi, akafungua ukurasa mpya, akainua macho kuitazama foleni ndefu ya watu waliozaliwa safarini.

"Anayefuata," aliita.